Mlio Ambao Mdogo Wangu Hakuusikia

Lubumbashi, Jumapili jioni

Leo, baada ya misa, nilimsindikiza mdogo wangu hadi kiwanja cha udongo mwekundu huko Katuba, ambako yeye na viziwi wenzake hucheza mpira. Mwamuzi wao hupunga kitambaa cha njano, na anayekiona humgusa bega aliye karibu naye mpaka mchezo usimame. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikipiga kelele pembeni, nami nilipoona hakuna anayegeuka, nikanyamaza kwa aibu.

Njiani alinieleza kwa mikono habari za Michezo ya Olimpiki ya Viziwi, Deaflympics, iliyofanyika Tokyo mwezi wa Novemba 2025, miaka mia moja na mmoja tangu ile ya kwanza ya Paris. Mwaka 1924 Mfaransa Eugène Rubens-Alcais, aliyekuwa kiziwi mwenyewe, aliwakusanya wanamichezo 148 kutoka nchi tisa. Ubelgiji ilikuwa mojawapo, wakati mji wetu huu ungali ukiitwa Élisabethville na kutawaliwa kutoka Brussels; sidhani kama kuna aliyemfikiria kiziwi wa Katanga siku ile.

Zamani nilijiuliza kwa nini viziwi wawe na michezo yao ilhali miguu yao ni mizima. Jibu nililipata katika shule moja, mdogo wangu alipokuwa na miaka kumi na mmoja. Mwalimu alipuliza filimbi, watoto wakachomoka, naye akabaki ameinama hadi alipoona visigino vya wenzake vikimtangulia. Alifika wa tatu. Mwalimu alisema mtoto huyu hana mbio, na mimi, ndugu yake mkubwa, sikumjibu neno. Bado najilaumu.

Katika Deaflympics mkimbiaji huanza kwa taa iliyowekwa chini mbele yake. Anayeruhusiwa kushindana ni yule ambaye sikio lake lililo bora limepoteza usikivu wa angalau desibeli 55 (kipimo cha ukubwa wa sauti), na kila mmoja huvua kifaa chake cha kusikia kabla ya kuingia uwanjani, hata yule ambaye kingemsaidia kidogo. Kanuni hiyo ndiyo inipendezayo kuliko zote, kwa kuwa hakuna anayeingia na sauti mfukoni. Watu huniuliza kwa nini wasijiunge na Paralimpiki, michezo ya watu wenye ulemavu. Shirikisho lao lilijitoa katika kamati ya Paralimpiki mwaka 1995, na nikikumbuka jinsi nilivyosimama leo pale Katuba bila kujua wanachekea nini, nadhani nawaelewa: wanataka mahali ambapo lugha ya alama haihitaji mkalimani.

Tulipofika nyumbani umeme ulikuwa umekatika. Alichora mstari uani kwa kisigino, akanikabidhi simu yangu na kunionyesha jinsi ya kuficha tochi kwa kiganja, kisha akainama. Nilimchelewesha makusudi. Nilipoondoa kiganja, alikuwa amekwisha kuupita mwembe.