Mkaa wa mifupa kwa maji ya kisima: tulipofikia

Pipa jipya limetoka kwa mafundi wa jua kali pale Kamukunji, lina kifuniko kinachobana, na sasa kazi inakwenda. Kwa wanaoingia leo: nachoma mifupa ya bucha nipate mkaa wa kutoa floraidi kwenye maji ya kisima cha ploti yetu, huku Embakasi. Visima vingi vya Nairobi vimechimbwa kwenye miamba ya volkano, na floraidi yake huvuka kikomo cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Wanaoumia zaidi ni watoto, meno yanaota na madoa ya kahawia. Na kuchemsha hakusaidii kitu: maji yanapungua, floraidi inabaki sufuriani.

Majirani waliposikia nageuza taka za jikoni kuwa chujio, waliniletea maganda ya ndizi na kokwa za parachichi. Mkaa wake unafaa kwa rangi na harufu, ila floraidi hausumbui sana. Mfupa ni habari nyingine. Umejengwa kwa madini ya kalisi na fosfati, na floraidi huyakimbilia hayo. Ndiyo maana inaingia kwenye meno ya mtoto, na ndiyo maana inanaswa kwenye mkaa huu. Sijagundua jambo, Nakuru, mpango wa maji wa Dayosisi ya Kanisa Katoliki umetumia njia hii kwa miaka.

Ujuzi wote uko kwenye rangi. Mifupa inachemshwa kwanza mafuta yatoke, inaanikwa, kisha inachomwa pipani kwa hewa kidogo, joto likiwa kati ya nyuzi 400 na 500. Ikitoka ya kahawia, haijaiva, na maji yatanuka supu iliyolala. Ikitoka nyeupe, imepita kiasi na haishiki tena floraidi vizuri. Ninayoitaka ni nyeusi inayoelekea kijivu. Pipa la zamani lilivuta hewa pembeni, nusu ya mifupa ikawa nyeupe pe! Hili la sasa linatoa rangi moja toka juu hadi chini.

Baada ya hapo ni kutwanga, kuchekecha, na kuosha mpaka maji yatoke meupe. Unga unatupwa kwa sababu unaziba chujio.

Mama mmoja wa ghorofa ya pili aliniuliza swali ambalo ningepaswa kulitarajia: “Mwanangu, mifupa hii ni ya halali?” Ni halali, mama. Nachukua ng'ombe na mbuzi tu, kutoka bucha moja inayojulikana, na mwenyewe anafurahi kupunguziwa mzigo. Nimeandika hivyo kwenye ndoo ya chujio, kwa herufi kubwa.

Kuhusu vipimo: vile vidude vya TDS vinavyouzwa mjini havitakuambia chochote kuhusu floraidi, vinahesabu chumvi zote kwa pamoja. Nimepeleka maabara maji ya kabla na ya baada ya chujio, kwenye chupa za plastiki, kwani kioo huathiri floraidi. Mpaka majibu yatoke, ya ndoo ni ya kupigia deki.

Nikishajua mkaa unachoka baada ya mitungi mingapi, nitajaribu kuuosha kwa magadi ya moto (kostiki soda), yale makali ya kutengenezea sabuni, ili utumike tena. Mwenye glavu nene za mpira zinazofika kwenye kiwiko, anijulishe bei.