Siku moja maishani mwangu: kuwafundisha maafande wa Kisumu kuhesabu pumzi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Napanga mkoba: ampuli za mazoezi zenye maji, sindano, barakoa za kupumulishia na lile sanamu la kifua na kichwa. Mimi ni muuguzi. Leo nina darasa la polisi, wahudumu wa ambulensi na wazima moto kuhusu dawa za jamii ya afyuni: heroini, mofini, kodeini, tramadoli, fentanili.

Saa moja na nusu. Napanda boda kutoka Manyatta. Tukipita Kondele, kijana anayenibeba ananiambia wenzake humeza tramadoli ili mgongo usiwaume wakiendesha usiku kucha. Namweleza kwamba ikizidi inaweza kuleta degedege, tena barabarani, mteja akiwa nyuma. Ananyamaza, kisha anauliza ni wapi mtu anaweza kusaidiwa. Nampa namba ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya: 1192, isiyolipiwa.

Saa tatu. Darasa linaanza, nami naanzia seli. Mtu kaletwa kituoni usiku, kalala sakafuni, anakoroma. Utafanyaje? Karibu wote wanajibu: mwache alale, pombe itamtoka.

Hapa ndipo ninapokaa kuliko penginepo. Afyuni hufifisha ile sehemu ya ubongo inayouamuru mwili uvute pumzi. Mkoromo mzito unaokatika, ukanyamaza, kisha ukarudi, unaweza kuwa wa mtu ambaye hewa haimtoshi tena. Mwite kwa sauti. Sugua mfupa wa kifua kwa vifundo vya ngumi, kwa nguvu. Asipoamka, tazama kifua chake na uhesabu: mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kama 12 hadi 20 kwa dakika. Zikishuka chini ya 10, usingoje zamu ya asubuhi. Funua macho uone kama mboni zimekuwa ndogo mno. Mafunzo mengi ya ng'ambo husema midomo hugeuka buluu. Kwa ngozi zetu nyeusi, hilo linaweza kukupita. Fungua mdomo utazame ufizi, kisha kucha. Utaona rangi ya kijivu.

Saa nne na nusu. Afande mmoja ameona video ya Marekani, askari akianguka baada ya kugusa unga wa fentanili. Anataka kujua kama naye atakufa akimpekua mtu. Namjibu wazi: mwaka 2017 vyama viwili vya wataalamu wa sumu huko Marekani vilitoa tamko kwamba kugusa tu kwa bahati mbaya ni vigumu kumdhuru mtu namna hiyo. Vaa glavu, nawa kwa maji na sabuni, usijishike mdomo wala pua. Hofu hii inanikera kwa sababu mgonjwa ndiye anayeilipia: watu wanasimama mbali wakimtazama.

Saa tano na nusu. Mazoezi. Rudisha kichwa nyuma, inua kidevu, bana pua, puliza mara moja kila sekunde tano. Sajini mmoja mwenye mwili mkubwa anapiga magoti juu ya saruji na kuhesabu kwa sauti. Kifua cha sanamu hakipandi. Namwonyesha kidevu kilivyolegea. Anakiinua, anapuliza tena, kinapanda. Harudi kitini mpaka jirani yake naye apate.

Kisha naloksoni, dawa ya kumzindua mtu aliyezidiwa na afyuni. Marekani iliidhinisha dawa hii mwaka 1971, na mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ipatikane kwa yeyote anayeweza kumkuta mtu aliyezidiwa, si madaktari peke yao. Huzindua kwa dakika chache. Kama hakutumia afyuni, haimdhuru. Lakini nguvu zake huisha baada ya dakika 30 hadi 90, na heroini au methadoni (afyuni inayotumika kutibu uraibu) yaweza kuwa bado mwilini, kwa hiyo hospitali ni lazima hata akisema yuko sawa. Na ataamka na arosto, yaani mwili unaodai dawa iliyokatwa ghafla: jasho, kutapika, hasira. Akikurushia mkono, afande, huyo ni mgonjwa aliyetoka kukosa hewa. Mlaze ubavu, zungumza naye taratibu.

Saa saba. Ugali, omena na sukuma. Koplo mmoja anakuja na sahani yake.

"Sista, kuna kijana alitoka rumande, wiki hiyo hiyo akafa. Tulisema kajiua."

Namweleza kwamba mwili uliokaa wiki kadhaa bila dawa husahau kuistahimili. Akirudia kipimo chake cha zamani, kinaweza kumuua. Wiki mbili za kwanza baada ya kuachiliwa ndizo mbaya zaidi. Anaweka kijiko chini. Anasema mama wa yule kijana bado anauza samaki karibu na kituo.

Saa nane na nusu. Sheria, kwa ufupi. Ibara ya 43 ya Katiba inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Mahabusu ni mtu.

Saa mbili usiku. Naandika ripoti. Ninaomba barakoa ya kupumulishia na naloksoni kwenye sanduku la huduma ya kwanza la kila kituo, kwa sababu wengi niliowafundisha leo hawana dawa hiyo kwenye gari lao. Ninaomba pia kila anayeachiliwa apewe maelekezo ya kliniki ya methadoni kabla ya kukabidhiwa simu na mshipi wake. Koplo ametuma ujumbe: anataka maelezo hayo kwa Kiswahili na Kidholuo, ayabandike ukutani penye kitabu cha matukio. Nayaandika sasa.