Tambi Nyeusi za Kikorea Katika Jiko la Mbeya

Mwezi uliopita mdogo wangu anayefanya kazi Dar es Salaam alinitumia kifurushi kwa basi, na ndani yake, katikati ya vitenge viwili na dawa za Mama, zilikuwamo pakiti nne za tambi za Kikorea ziitwazo Chapagetti. Huku kwetu tambi yoyote inayoiva kwa dakika chache huitwa indomie, hata kama imetoka katika kiwanda kingine kabisa, kwa hiyo nilizipokea kama mtu anayepokea kitu anachokifahamu. Ndiyo sababu pakiti ya kwanza iliharibika. Nilichemsha maji, nikatia tambi, nikamimina unga wote wa viungo ndani ya maji yaleyale, nikangoja, nikapakua. Kilichotoka kilikuwa mchuzi mwepesi wa rangi ya maji ya kahawa, wenye chumvi nyingi na ladha isiyoeleweka, na tambi zikielea juu yake.

Siku ya pili nilisoma maelekezo nyuma ya pakiti, nikaelewa kwamba hiki si chakula cha mchuzi hata kidogo. Maji ni mililita 600, na ndani yake unatia tambi pamoja na kipakiti cha mboga kavu. Baada ya dakika 5 unamwaga maji yote isipokuwa kiasi cha vijiko 8, na hapo ndipo unapotia unga mweusi na kile kipakiti kidogo cha mafuta, kisha unakoroga mpaka kila uzi wa tambi uvae sosi. Lile neno la kumwaga maji ndilo lenye siri yote ya chakula hiki, na napenda kila atakayezipata pakiti hizi alizingatie kabla hajawasha jiko.

Hata hivyo, dakika 5 hazikutosha. Nilichomoa uzi mmoja kwa uma, nikaukata kwa jino, nikaona katikati yake nukta nyeupe ya unga ambao haujaiva. Tambi hizi ni nene kuliko zile tulizozizoea, lakini sababu kubwa nadhani ni mahali tunapoishi. Jiji la Mbeya liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi badala ya 100. Yanatokota kwa nguvu ileile inayoonekana pwani, lakini hayana joto lilelile. Kila mwanamke wa Mbeya aliyewahi kuolewa Dar es Salaam anajua kwamba maharage ya huku hukaa jikoni muda mrefu zaidi, ila sikuwa nimefikiri kwamba jambo hilo lingeifuata hata tambi iliyokwisha kukaangwa kiwandani. Mimi sasa naziacha dakika 7, na Iringa au Njombe nisingethubutu kuzitoa mapema zaidi ya hapo.

Kukoroga ndiko kulikonifurahisha. Unga ule ni chembechembe za kahawia iliyokolea, na ulipokutana na maji machache yaliyobaki sufuriani uliyeyuka ukawa rojo zito, la rangi ya molasi, likishikamana na tambi na kuacha alama ya kijiko kwenye sufuria. Nilipotia mafuta, rojo liling'aa. Humo mlikuwamo vipande vya kabeji na karoti vilivyorudia umbo lake baada ya kulowa, na vijipande vya kahawia ambavyo mtu angedhani ni nyama, kumbe ni protini ya soya.

Mama alikuwa amekuja kutoka Uyole kuchukua dawa zake. Alikaa mlangoni mwa jiko, akavuta harufu, akauliza, "Mwanangu, hii soya nani kaikaanga?"

Nilimwambia hakuna soya, ni tambi za Korea zenye sosi ya maharage meusi, kwa kuwa hivyo ndivyo zinavyotajwa kwa Kiingereza. Hakukubali. Mama amekaanga soya kwa miaka mingi, akiisaga pamoja na mahindi na karanga kwa ajili ya uji wa lishe wa wajukuu, na anaijua hatua ile ambapo punje inaacha harufu ya ubichi na kuanza kunukia, na hatua inayofuata mara moja baada yake, ambapo inaelekea kuungua na kuwa chungu. Alipoonja alikaa kimya kidogo, kisha akasema harufu ile ipo katikati ya hatua hizo mbili.

Nikaenda kutafuta ukweli, na ukweli uko upande wake. Sosi hiyo hutokana na kitu Wakorea wanachokiita chunjang, ambacho ni rojo la soya ya kawaida, unga wa ngano na chumvi, vilivyoachwa vichachuke. Soya yenyewe si nyeusi. Weusi ule unatokana na karameli, yaani sukari iliyounguzwa, ambayo watengenezaji wa Korea waliiongeza ili kulipa rojo rangi na utamu. Ndiyo maana ladha yake inakuja kwa zamu: chumvi kwanza, kisha utamu kidogo, halafu mwishoni uchungu mwepesi unaobaki nyuma ya ulimi, kama ule wa ukoko wa wali ulioshika chini ya sufuria.

Asili ya chakula chenyewe ni ya watu waliohama kwao. Bandari ya Incheon ilifunguliwa mwaka 1883, na Wachina wengi kutoka jimbo la Shandong wakavuka bahari kwenda kufanya kazi huko, wakiwa na tambi zao zinazochanganywa na rojo la soya. Wakorea wakazipokea, wakazibadilisha kulingana na kinywa chao, wakaziita jjajangmyeon. Baada ya vita vya Korea unga wa ngano wa msaada kutoka Marekani ulikuwa mwingi na wa bei nafuu, na chakula hicho kikaenea mpaka kikawa cha kila mtu. Mpaka leo familia ya Kikorea inayohamia nyumba mpya huagiza jjajangmyeon siku hiyo ya kuhama, wakati vyombo bado vimo kwenye maboksi, na tarehe 14 Aprili vijana wasio na wachumba huila wakiwa pamoja. Kampuni ya Nongshim ilitoa Chapagetti mwaka 1984, na jina lenyewe limeunganishwa kutokana na jjajangmyeon na spageti.

Jambo ambalo limenikaa moyoni tangu siku ile ni hili la soya. Sisi watu wa nyanda za juu kusini tunailima, kuanzia Mbeya na Iringa mpaka Njombe na Ruvuma, na tukishaivuna tunajua njia mbili tu za kuitumia: inakwenda kwenye unga wa lishe wa watoto au kwenye chakula cha kuku. Mtu mzima akipewa soya hudhani ameambiwa ana utapiamlo. Na si kwamba kuchachusha ni jambo geni kwetu, kwani togwa tunalo, komoni tunayo, na ndugu zetu wa Iringa wana ulanzi wao. Tumeichachusha mimea inayotupa kinywaji, lakini soya hatukuigusa. Naamini kwa dhati kwamba ladha ile iliyomfanya Mama akae kimya inaweza kutoka katika soya ya Uyole kama inavyotoka katika soya ya kwingineko, kama tu mtu angejifunza kazi hiyo kwa uangalifu, na ningefurahi sana kumsikia yeyote aliyekwisha kujaribu.

Niseme pia kuhusu chumvi, kwa sababu Mama anatumia dawa za presha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na pakiti moja ya tambi za aina hii hula sehemu kubwa ya kiasi hicho. Pakiti ya tatu niliipika kwa kutia theluthi mbili tu za unga, na nikaongeza vitu vibichi ili ladha isipwaye. Katika migahawa ya Korea sosi hii hupikwa kwa nyama ya nguruwe na vitunguu vingi, na hapo Mbeya hatuna upungufu wowote. Nilinunua robo kilo ya kitimoto yenye mafuta kiasi, nikaikata vipande vya ukubwa wa punje za makande, nikaikaanga mpaka mafuta yake yakatoka, nikatia vitunguu viwili na kabeji ya Soko la Mwanjelwa, na mwisho nikamimina tambi pamoja na sosi juu yake. Pembeni niliweka kitunguu kibichi kilicholowekwa kwenye siki, kwa kuwa Wakorea nao huila na kitunguu kibichi na figili ya njano ya siki. Ule ukali wa siki unaukata mzigo wa mafuta kinywani, na bila huo sidhani kama ningemaliza sahani.

Mama alimaliza yake. Aliomba kijiko badala ya uma, akakusanya sosi iliyobaki chini pamoja na vipande vya kitimoto, akanirudishia sahani na kusema, "Ndaga, mwanangu," yaani asante.

Pakiti ya nne iko kabatini. Ameniagiza nisiipike mpaka wajukuu wafunge shule, na siku hiyo nikaange vitunguu vinne badala ya viwili.