Gitaa langu lilisikika mara mbili

Hapa Nkuhungu, Dodoma, kila noti niliyopiga ilirudi mara mbili kwenye hedifoni. Nilibadilisha waya wa USB, wapi! Kumbe kifaa changu cha kuiga amplifaya kilinipa sauti moja kwa moja, na programu ya kurekodi nayo ikanirudishia ileile imechelewa. Bafa, yaani fungu la sauti ambalo kompyuta hukusanya kabla ya kulichakata, ilikuwa sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 1024; kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, hiyo ni milisekunde 21 hivi kwenda, na kurudi vilevile. Vidole vinachanganyikiwa kabisa. Nikazima usikilizaji ndani ya programu, basi, gitaa likabaki moja. Bafa sikuigusa. Mngurumo uliobaki ulitoka kwenye chaja ya laptopu: naichomoa, narekodi kwa betri. Raha tupu!