Kidirisha cha upande wa Bibi

Mjomba wangu alikuwa na Land Rover Series III, ile ndefu ya 109, aliyoinunua mnadani ikiwa imeshachoshwa na kazi za serikali. Katikati ya miaka ya 1990 ndiyo iliyokuwa ikishusha kabichi, hoho na pea kutoka Lushoto hadi Mombo, na ikipanda inabeba chochote kilichopo: saruji, mabati, watu.

Kiyoyozi haikuwa nacho. Ukitaka hewa, una vioo vya milangoni vya kusukuma, na una vidirisha viwili vya bati chini ya kioo cha mbele, kimoja kwa dereva na kimoja kwa abiria. Unasukuma mkono mdogo ulio ndani, kifuniko kinafunguka kwa nje, na gari likikimbia upepo unakupiga kifuani. Nyuma ya kifuniko kuna wavu wa kuzuia wadudu. Basi. Hakuna waya, hakuna mota. Nimepanda magari mengi ya kisasa tangu hapo na bado sijaona kitu cha akili kama kile.

Cha dereva kilifanya kazi. Cha abiria kilikuwa kimeganda tangu gari linanunuliwa, na mkono wake umepindishwa na kila abiria aliyewahi kujaribu bahati.

Lushoto hakuna aliyejali. Kule juu watu wanatafuta sweta, nani atatafuta upepo? Taabu ilikuwa kushuka. Ni kilomita 33 tu mpaka Mombo, kona juu ya kona, lakini unaondoka kwenye ukungu na kuingia jikoni. Soni, mji mdogo wa njiani, bado unapumua. Ukishaliacha bonde lile, joto la tambarare linakupokea, na injini nayo inakuongezea lake miguuni.

Desemba moja tulikuwa tunakwenda harusini Korogwe. Mjomba anaendesha, Bibi dirishani, mimi katikati, gia zikinigonga goti kila kona. Kioo cha mlangoni Bibi alikifunga kwa sababu ya vumbi la malori, akiwa amevaa khanga mpya ya harusi. Tulipofika Mombo uso wake umelowa. Akamtazama mwanawe, ambaye shati lilikuwa linapepea.

"Kwa hiyo upepo ni wa dereva peke yake?"

Mjomba akacheka. Bibi hakucheka. Alishuka, akakaa kwenye benchi la muuza chai, akasema harusi ataisikia hapo hapo kama hicho kidude hakitafunguliwa.

Fundi aliyepatikana alikuwa chini ya mwarobaini nyuma ya stendi, mzee mwembamba mwenye boksi la spana za inchi. Hilo la inchi si dogo. Nati za Land Rover za zamani hazikutengenezwa kwa milimita. Ukija na spana za kawaida, kumi na moja haiingii, kumi na mbili inacheza, na mwisho unaila nati yote kichwa. Mafundi wengi walikuwa wanazila. Huyu alichukua spana yake, ikakaa kama imezaliwa pale.

Mjomba alikuwa ameshashika nyundo. "Niipige kwa ndani, si itaachia?"

"Itaachia, kaka, na itapinda. Ikipinda haitaziba tena. Nyinyi wa milimani mna mvua, maji yote yatamwangukia mama miguuni." Akamnyang'anya nyundo, taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

Alianza na rangi. Gari la serikali hupakwa rangi juu ya rangi, na hakuna fundi rangi anayefungua kidirisha kwanza. Akavunja kipande cha msumeno wa chuma, akapitisha meno yake kwenye mstari wa kifuniko pande zote, polepole, na unga wa rangi ukawa unadondoka kwenye boneti: krimu, chini yake kijivu, chini kabisa kijani. Kisha akachanganya dizeli na oili chafu kwenye kopo, akadondoshea kwenye bawaba, akaenda zake kula. Mjomba alizunguka gari akitazama saa. Bibi aliagiza chai ya pili.

Aliporudi akafungua wavu kwa ndani. Hapo ndipo tulipoona wenye nyumba. Raba ya kona ilikuwa imeoza na kuacha tundu, na nyigu wa udongo walikuwa wamejenga humo mpaka nafasi yote imejaa. Fundi akabandua donge kwa bisibisi, likapasuka mkononi mwake. Ndani mlikuwa na vijumba vilivyopangwa, na kila kijumba kimejazwa buibui wadogo, wakavu, miguu imekunjwa. Nyigu huwachoma wapooze bila kufa, wakae humo kama chakula cha mtoto wake atakapoangua. Mimi nilisahau harusi kabisa. Niliwamimina kiganjani nikaanza kuwahesabu, Mjomba akanizaba kofi la kisogo: "Mjomba, tupa hayo madudu!"

Pini moja ilitoka kwa kuzungushwa na plasi, mbele na nyuma, mbele na nyuma, ikilia. Ya pili ilikatikia ndani. Fundi akaigonga na kidude chembamba mpaka ikatokea upande wa pili, na badala yake akaweka msumari alioukata na kuusugua kwa msasa. Raba akaikata kwenye tyubu ya baiskeli, akaibandika kwa gundi ya pancha. Mkono uliopinda akaunyoosha juu ya jiwe. Grisi, spana, kwisha.

Akamwita Bibi aje ajaribu mwenyewe. Bibi akasukuma kwa kidole kimoja, kifuniko kikafunguka. Akafunga, akafungua tena, kisha akamwambia Mjomba amlipe mzee wa watu bila kupatana bei.

Harusini tulifika wakati wa kula, ambao kwa maoni yangu ndio wakati wa kufika. Njiani mabaki ya udongo na miguu ya buibui yalitupeperukia yote usoni na kwenye khanga mpya. Bibi alijipangusa wala hakugusa mkono wa kidirisha.

Masika yaliyofuata cha upande wa dereva nacho kikaanza kukwama. Bibi alimshauri Mjomba afungue kioo cha mlango. Wiki hiyo hiyo gari lilikuwa Mombo, chini ya mwarobaini.