Fosi inaporudisha maji ndani: nilivyoitibu kwenye udongo mzito, Lubumbashi

Maji meusi hutokea kwanza kwenye kitundu cha sakafu ya bafu. Choo hufuata baadaye. Kitundu hicho ndicho mlango wa chini kuliko yote nyumbani, na maji yaliyokosa njia mbele hutafuta mlango wa chini. Ukiyaona hapo wakati wa mvua ya Desemba, usimwage dawa ya kuzibua wala usianze kusukuma waya. Funga kwanza vani (valvu) iliyo baada ya mita ya REGIDESO, shirika la maji, uzuie kila mtu kufua na kuoga, kisha ufungue regadi, yaani vishimo vyenye vifuniko vya kukagulia njia ya maji machafu.

Regadi ndizo zinazosema ukweli. Nyumba hii iko kwenye kiwanja kipya upande wa Luwowoshi, ina regadi 3 kabla ya fosi septiki, tangi la chini ya ardhi linalopokea maji machafu ya nyumba. Ikiwa ya kwanza, ile ya karibu na ukuta, ni kavu huku bafu linarudisha maji, kizibo kiko chini ya nyumba. Ikiwa ya kwanza imejaa na ya pili ni kavu, kizibo kiko katikati yao, na hapo ndipo waya una kazi. Zote zikijaa, tatizo liko kwenye fosi au mbele yake. Kwangu zilijaa zote tatu.

Fosi nayo husomwa kwa macho. Katika hali ya kawaida uso wa maji unakaa sawa na tumbo la chini la tiyo (bomba) ya kutokea. Nilipoinua kifuniko, maji yalikuwa sentimita 18 juu ya tiyo hiyo. Maana yake, fosi yenyewe haikuziba; pwi perdi, shimo linalopokea maji ya fosi ili yanywewe na ardhi, ndiyo iliyokataa kumeza. Kama maji yangekuwa juu upande wa kuingilia na chini upande wa kutokea, ningetafuta tope au matambaa kwenye kiungo cha T cha kuingilia au kwenye tundu la ukuta wa kati.

Watu wengi hapo huita lori la kunyonya na kusema, "Toa yote." Tafadhali usifanye hivyo ardhi ikiwa imelowa. Udongo uliojaa maji unasukuma kuta kutoka nje, na maji yaliyo ndani ya fosi ndiyo yanayozisaidia kusimama. Fosi ya tofali ikiachwa tupu inaweza kupasuka kuelekea ndani. Ya plastiki inaweza kuelea na kung'oa tiyo. Nilitoa lita 1,000 tu kati ya 3,000. Kwa watu 7 wanaotumia lita 50 kila mmoja kwa siku, hizo ni lita 350, yaani karibu siku 3 za nafasi. Siku 3 zinatosha kutafuta chanzo.

Chanzo cha kwanza kilionekana mvua iliyofuata. Niliacha regadi ya pili wazi, nikaizungushia mbao ili mtoto asitumbukie, nikaitazama mvua inyeshe. Dakika chache tu maji safi yalianza kuingia kwa kasi kutoka upande ambao hauna choo wala jiko. Mjenzi alikuwa ameunganisha mfereji wa maji ya bati la paa na regadi ili asichimbe njia nyingine. Hesabu yake ni hii: bati la mita za mraba 120, mvua ya milimita 40, ni lita 4,800. Mvua moja inazidi fosi nzima! Inachochea tope, inalisukuma hadi pwi perdi, na tope likishapaka kuta za udongo mfinyanzi, haziwezi tena kunywa. Nilikata tiyo hiyo siku hiyohiyo, nikaziba tundu la regadi kwa simenti na mchanga 1 kwa 3, na maji ya bati nikayapeleka kwenye mfereji wa juu ya ardhi, mita 3 kutoka msingi.

Chanzo cha pili kilikuwa chini ya ardhi. Kwa kioo na tochi kati ya regadi ya kwanza na ya pili, tiyo nzima inapaswa kuonekana kama mwezi mpevu; mimi niliona nusu mwezi tu, na maji yamelala katikati. Nilipima kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji, kama mafundi wanavyopima msingi. Kwa mita 7 za tiyo ya milimita 110, mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita ungeleta tofauti ya sentimita 14. Nilipata 5, na tumbo katikati.

Hapa inabidi kueleza vichuguu. Vile vikubwa vya Lubumbashi hufika mita 5 kwenda juu, na udongo wake ni mfinyanzi mzuri wa kufyatulia tofali. Kiwanja kikisafishwa, kichuguu hubomolewa na kutandazwa. Udongo huo huanguka kwa mabonge makavu, magumu kama jiwe, yenye nafasi katikati. Tiyo ikilazwa juu yake bila mchanga, mvua ya kwanza inalainisha mabonge, nafasi zinaziba, tiyo inashuka. Pale ilipozuiwa na ukuta wa msingi haishuki, kwa hiyo inapasuka palepale usoni pa ukuta. Ndivyo nilivyoikuta. Kwenye dembo, bonde tambarare linalotuama maji, ambako udongo ni mweusi, unavimba kwa mvua na kupasuka kiangazi, mwendo huo hurudi kila mwaka.

Kuitengeneza kulichukua siku 2. Mfereji upana wa sentimita 40. Kwa kina kinachozidi mita 1.2 kwenye udongo uliolowa weka mbao za kuzuia kuta, maana udongo huo huporomoka kipande kizima bila kutoa dalili. Chini mchanga sentimita 10, ukishindiliwa, tiyo, mchanga mwingine hadi sentimita 15 juu ya tiyo, ndipo udongo unarudishwa. Kwa mita 7 ni takriban kubiki (mita ya ujazo) 1 ya mchanga. Pale ukutani nilipanua tundu libaki na nafasi ya sentimita 5 kuzunguka tiyo, nikajaza kitu laini badala ya simenti, na nje kidogo nikaweka kiungo cha mpira wa duara kinachoweza kucheza. Kona ya digrii 90 niliibadilisha kwa mbili za 45, kwani tambaa au mafuta yaliyoganda hukwama kwenye kona kali.

Gundi ya PVC haishiki kwenye maji. Kausha mfereji hadi chini ya tiyo, pangusa kwa kitambaa kikavu, kwaruza kidogo, paka pande zote mbili, sukuma hadi mwisho na ushikilie kama nusu dakika. Kama maji yanaendelea kuchururika kutoka ukuta wa mfereji, achana na gundi, tumia manshoni ya mpira, kiungo kinachovalishwa juu ya tiyo.

Ikabaki ardhi yenyewe. Nilichimba shimo la kina cha sentimita 60, upana 30, nikalijaza maji usiku kucha, asubuhi nikaongeza na kupima. Kwa nusu saa maji yalishuka milimita 6. Hiyo ni milimita 12 kwa saa, kidogo mno kwa pwi perdi ya kawaida. Kuongeza kina si dawa, kwani chini udongo umebana zaidi na wakati wa mvua maji ya ardhini yako karibu. Dawa ni upana: mifereji ya kunywesha maji ardhini, karibu na juu, mahali penye mizizi na jua.

Lakini sikuchimba mifereji hiyo Desemba. Koleo likipita kwenye mfinyanzi uliolowa linaulainisha kama chungu kinachosuguliwa, na ukuta unajifunga. Hadi Julai nilipunguza mzigo tu: maji ya jikoni na bafu nikayatoa kwenye fosi kwa tiyo ya milimita 50, yakaenda kwenye shimo la migomba lenye kipenyo cha mita 2 na kina cha sentimita 70, limejazwa matawi na majani makavu, na ukingo umeinuliwa sentimita 30 ili maji ya uani yasiingie. Migomba 5 kuzunguka.

Julai, udongo ukiwa mkavu, mifereji 2 ya mita 12, upana sentimita 60, kina 60. Kuta na chini nilizikwaruza kwa reki hadi zikawa na mikwaruzo. Mawe yaliyovunjwa na kuoshwa ya milimita 20 hadi 40, unene sentimita 30, karibu kubiki 4 na nusu. Ndani yake tiyo yenye matundu, mteremko milimita 5 kwa mita. Juu kitambaa cha kuchuja, kisha udongo wa juu na nyasi. Eneo la chini ni mita za mraba 14.4. Fosi sasa inapokea kama lita 175 kwa siku, yaani lita 12 kwa kila mita ya mraba, kiasi ambacho hata udongo huu unakimudu. Mifereji iwe mbali na kisima, mita 30 au zaidi, hata kisima hicho kikiwa cha jirani. Katika mji unaopatwa na kipindupindu hili si la kujadili.

Mtu asishuke ndani ya fosi, hata iliyonyonywa, hata kwa dakika moja kuokota koleo. Hewa yake inaua kabla hujanusa vizuri. Na usishushe mshumaa kuipima, kuna gesi inayowaka.

Kila Julai nashusha fimbo iliyofungwa taulo jeupe, naiacha dakika chache, naitoa polepole. Pale weusi unapoishia ndipo tope lilipofika. Likifika nusu ya kina cha maji naita lori, na mara tu linapomaliza narudisha maji safi ndani hadi tiyo ya kutokea.