Kivuli chenye nuru: kupiga picha za uso Mji wa Kale

Jumamosi iliyopita nilikutana na mwanamitindo wangu saa nne asubuhi penye mibuyu ya Mama Ngina, ufukweni mwa Mombasa, kwa kuwa hiyo ndiyo saa aliyokuwa na nafasi, na kabla sijainua kamera nilitambua kwamba picha tulizozikusudia hazingepatikana pale. Jua lilikuwa limekwisha panda, macho yake yamezama katika vivuli viwili vizito chini ya nyusi, na kila nilipomwomba atazame baharini alikunja uso kwa sababu ya mng'ao wa maji. Nikamwambia, "Dada yangu, tusijitese, twende Mji wa Kale."

Ushauri mwingi kuhusu nuru ya dhahabu, ile nuru laini ya jua linapochomoza au kuzama, umeandikwa na watu wa nchi zilizo mbali na Ikweta, ambako jua hushuka kwa mshazari na kukawia karibu na upeo wa macho. Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa Ikweta; jua letu hushuka karibu wima, kwa mwendo wa nyuzi 15 kila saa, na nuru hiyo laini haizidi sana nusu saa. Isitoshe, pwani yetu imeelekea mashariki, hivyo anayetaka jua na bahari katika picha moja hana budi kuamka alfajiri, kwani jioni jua huzama upande wa bara. Ndiyo maana nashikilia kwamba mpiga picha wa hapa ajifunze kwanza kukisoma kivuli.

Njia za Mji wa Kale kama Ndia Kuu huelekea takriban kaskazini na kusini, kwa hiyo asubuhi nyumba za upande wa mashariki huitandikia kivuli, huku kuta za upande wa pili zikipigwa na jua. Nilimkalisha kwenye baraza upande wa kivuli, hatua moja tu ndani ya mpaka wake, uso ukielekea ukuta mweupe wa chokaa uliokuwa ukiwaka mbele yake. Ukuta huo ulimrudishia nuru pana na tulivu, ikajaza mashimo ya macho na kuacha nukta angavu kwenye mboni. Hatua mbili nyuma zaidi, nuru hiyo ilififia na uso ukapoa. Rangi ya ukuta nayo ni muhimu sana: tulipojaribu mbele ya ukuta wa manjano, shavu lake lilichukua umanjano ambao hakuna marekebisho yaliyouondoa vizuri, tukahama. Kivulini rangi huelekea ubuluu, basi niliweka kipimo cha rangi ya nuru cha kamera kwenye Kelvin 6500 badala ya kuiachia ikisie.

Jambo ninalolijali kuliko yote ni ngozi. Kipimo cha mwanga cha kamera hutaka kila kitu kiwe kijivu cha wastani: buibui jeusi likijaza fremu, kamera huongeza mwanga hadi uso unapauka, ukuta mweupe ukijaza nyuma yake, huupunguza hadi uso unazama gizani. Kwa hiyo napima shavu lenyewe, kisha napunguza kidogo ili weusi wake ubaki na kina na mng'ao wake, kwa maana weusi huo si kosa linalosubiri kusahihishwa. Mtu aliyekuamini na uso wake anastahili kujiona alivyo.

Upande mmoja wa shingo ulipobaki na giza, mama aliyekuwa amekaa mlangoni alitupatia leso yake, upande mweupe zaidi ukaelekezwa juu, nayo ikatandikwa mapajani mwa mwanamitindo. Kidevu kikainuka kutoka kivulini bila kifaa kingine chochote. Tulipiga hivyo, tukipumzika kunywa maji kila baada ya muda mfupi, hadi saa sita kasorobo, kivuli kilipobaki kamba nyembamba chini ya ukuta na jua likaanza kumgusa magotini. Hapo nilifunika lenzi.